Mke Mdogo kwa Wino Mwekundu

Wiki jana, katika saiba moja, duka la kompyuta na uchapaji mtaani Gatina, mjane aliyekuwa mke mdogo alikuta ratiba ya mazishi ya mumewe imemtaja mke mkubwa pekee. Mwenye saiba akaliongeza jina la mke mdogo, likatokea jekundu kama masahihisho yote katika programu yake, akaitoa ratiba kwa PDF. Ndipo wakaona saa ya ibada imekosewa. Akairekebisha, akaitoa tena. Jina likatoweka. Akajaribu mara tatu, likatoweka kila mara.

“Mathe,” akamwambia mama huyo, “hii programu, ukitoa ratiba mara ya pili, inameza masahihisho ya kwanza.”

“Ama imetumwa na mke mkubwa? Chapa ile ya kwanza.”

“Na saa? Watu watafika mapema.”

“Wangoje. Mimi nimengoja kuandikwa miaka ishirini.”

Nakala zikachapwa: ukoo mzima kwa wino mweusi, yeye peke yake kwa mwekundu. Hata asiyejua kusoma atamwona.