Mikato Saba Kifuani mwa Binti Yangu

Mwili wangu una makovu mengi, na yote yamelala. La panga liko gotini, la kamba ya mizigo liko begani, la moto wa tanuru ya matofali liko mkononi. Sikuenda hospitali hata kwa moja. Nilimwagia kidonda maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, nikarudi kazini. Njo vile nilijenga nyumba yangu ya Alunguli, ng'ambo ya mto hapa Kindu, mimi niliyeacha shule mwaka wa tatu wa primeri, na watu wenye diploma wakaja kununua matofali kwangu. Mujue basi ni mtu wa namna gani alishika wembe.

Wakati wa vita treni haikuja tena Kindu. Nilikuwa ninasukuma kinga, baiskeli yangu, imebeba chumvi mpaka Kampene. Siku watu wa bunduki walipoingia upande wetu nilikuwa nyumbani. Tukakimbilia porini: mke wangu, binti yetu wa miaka minane, na mimi. Mtoto alikimbia bila kuangalia, akachomwa na kijiti hapa katikati ya kifua. Kidonda kilikuwa kidogo, ukucha wa kidole gumba ungekifunika. Mama yake alikiosha kwa maji ya moto kila siku, kikafunga. Tukasema Mungu iko.

Tuliporudi mjini, miezi mingi imepita, lile kovu likaanza kuinuka. Kwanza kama punje ya mahindi. Kisha likavuka mahali pa kidonda, likaingia kwenye ngozi ambayo haikuumia hata kidogo, gumu, linang'aa. Mtoto alikuwa anajikuna mpaka machozi.

"Acha kujikuna!" nilimfokea. "Njo wewe unaikuza."

"Papa, inawasha."

"Na yangu ya kwenye goti, mbona haiwashi?"

Mke wangu alitaka tungoje hospitali ipate dawa. Wakati ule hospitali ilikuwa na kuta tu. Mimi nikasema kuna mwiba ulibaki ndani, au damu chafu. Kwetu mahali pakivimba tunachanja: mikato midogo ya wembe kuzunguka uvimbe, halafu unapakaa dawa nyeusi ya majani yaliyochomwa. Marehemu mama yangu alichanja magoti na migongo ya kijiji kizima, na mimi nilikuwa nikimtazama. Nikaona najua.

Nilimkata mara saba. Mama yake alishika miguu, mimi nikabana mikono yake kwa mkono mmoja. Alilia akiita, "Papa, unisaidie!" Alikuwa ananiita mimi, na wembe uko mkononi mwangu.

Mikato ilikauka vizuri, nikajisifu kwa majirani. Kisha ikaanza kuinuka mmoja baada ya mwingine, mpaka yote saba. Palipokuwa na kovu moja pakawa na manane. Miaka ilivyoenda yakashikana, yakawa kitu kimoja kama mzizi uliotoka juu ya udongo.

Leo binti yangu ni mwalimu. Mama yake hayupo tena. Kwa joto hili la Kindu binti anafunga blauzi mpaka shingoni. Ilipofika mahali nguo yenyewe ikigusa inamuuma, nilimpeleka hospitalini kwa daktari, na ni mimi niliyesema kwanza.

"Munganga, kata yote. Toa na mizizi."

Yule munganga angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Akacheka kidogo. "Muzee, hii haina mizizi. Inaitwa keloidi. Ngozi ikikatwa inatuma mafundi wa kuziba. Kwa watu wengi wakimaliza kazi wanarudi kwao. Kwake hawarudi, wanajenga tu. Nikikata peke yake bila kitu kingine, ninawapa kiwanja kikubwa zaidi."

"Yangu mimi yote imelala."

"Yako ni yako, muzee. Ngozi yake amezaliwa nayo." Kisha akainama kuangalia. "Na hizi za pembeni, nani alikata?"

Nilifungua mdomo. Binti yangu akanitangulia. "Ilikuwa wakati wa vita," alisema.

Dawa ni sindano ndani ya kovu lenyewe, mara moja kwa mwezi. Sindano inaingia kwa shida, kama kwenye mpira wa gurudumu. Nilikaa inje kwenye benchi nikimsikia. Lakini baada ya mara ya tatu kovu lilianza kulegea, muwasho ukapungua, na nyumbani alifungua kifungo kimoja cha blauzi. Munganga alituonya: ukiacha katikati linaweza kurudi.

Mwezi wa nne wa sindano dawa haikufika hospitalini. "Murudi wiki ijayo." Tukarudi, tukarudi tena. Muwasho ukaanza upya kwenye kingo.

Nikavuka mto kwa mtumbwi, nikapanda pikipiki, nikazunguka famasi zote za Kasuku na Mikelenge. Muuzaji mmoja akavuta droo, akatoa kichupa.

"Njo yenyewe?"

"Ni ndugu yake, muzee. Kazi ni moja."

Nilimkuta binti yangu anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nikaweka kichupa mezani. "Mama, nimeipata. Yule jirani anayepiga watu sindano atakupiga leo leo."

Alisoma karatasi ya kichupa, akaigeuza, akasoma tena. Kifaransa kile mimi sikijui.

"Papa, hii siyo."

"Ni ndugu yake."

"Ndugu wa mama moja, ao wa baba?" Nikadhani anacheka. Akakisukuma kichupa kikarudi upande wangu. "Papa, usinitibu tena."

Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza, ningepata la kumjibu. Nikakishika kile kichupa.

"Basi nifanye nini?"

"Ungoje. Mimi pia ninangoja."

Akashika daftari lingine. Nikakaa naye pale mezani, na mimi kungoja sikujifunza popote. Ninaandika haya, dawa bado haijafika.