Kizibo Kilichoenda Kinyume

Tunagawana vitu vya marehemu susu, nyanya yetu. Shangazi zangu wamejaribu kufungua kikopo chake cha ugoro, wakasema kimekwama. Wananipa. Kimechongwa kwa mti wa mukau, na harufu yake inanirudisha nyuma ya jikoni, alipofanyia baba kazi ya mbao.

Baba alikuwa akikata thredi, ile mifereji ya kukazia, kwenye kizibo cha kikopo hiki. Mimi nilikizungushia uzi uliosuguliwa kwa makaa, ili msumeno ufuate alama yake. Natumia mkono wa kushoto, ule uliochapwa rula shuleni. Nikazungusha ninavyojua.

Baba aligundua akiwa ameshapiga tupa hadi mwisho.

“Hii umezungusha kinyume,” alisema.

Nikaficha mkono mgongoni. Akauvuta polepole, akapuliza vumbi la mbao vidoleni, kisha akakata thredi za mdomo wa kikopo nazo ziende kinyume.

Jioni alimkabidhi susu, mamake, kikopo hicho. “Mwaitu, hii inafunguliwa upande wa mtoto.”

Tangu siku hiyo susu aliniita kila akitaka kuvuta ugoro, ingawa mikono yake ilikuwa mizima.

Shangazi zangu wananitazama. Nakizungusha kizibo kinyume, kwa mkono wa kushoto. Kinafunguka bila kelele, na ndani ugoro bado upo.