Mgomba wa Ilwad

Mimi Rispa sina subira na watu wanaoota mchana, lakini Annah Lusweti nimemvumilia miaka tisa, maana cherehani zetu zinagusana pale sokoni Gikomba. Yeye hupunguza suruali za mitumba, mimi hubadilisha zipu. Siku nyingine mguu wake unasimama kwenye pedali, macho yanapotelea mabatini, na mteja yuko papo hapo anangoja. Hapo najua yuko vitani tena.

Vita vyenyewe ni vya daftarini. Annah anaandika riwaya ya wasichana wawili wanaokimbia vita, na kisa alipewa na Batulo, mama wa Majengo anayeuza madera mkabala na sisi. Batulo alitoka Somalia kwa miguu akiwa na miaka kumi na saba, pamoja na rafiki yake Ilwad. Walijificha mchana, wakatembea gizani. Mmoja akichoka, mwenzake alimpikia chakula cha maneno, kitunguu kwanza, kisha nyama, kisha mchele, mpaka wakafika mbele kidogo. Alfajiri moja risasi zikalia, watu wakatawanyika, na kulipopambazuka Batulo akajikuta ameshika mkono wa mwanamke asiyemjua. Hajamwona Ilwad tena.

"Nilimpenda kuliko roho yangu," Batulo hutuambia bila haya, huku akikunja madera. Ana mume na watoto watano, na bado husema hivyo.

Kila Jumapili tukishatoka kanisani, Batulo alikuja mtaani Mbotela. Tuliketi kwenye ngazi ya nyumba ya Annah, nguo za majirani zikipepea juu yetu, na Annah akatusomea alichoandika wiki hiyo. Jameni, yule mwanamke anajua kuandika! Wasichana wake walipita mji ambao milango yote ilikuwa wazi na chai bado ina moto vikombeni, lakini watu hakuna. Walivuka uwanda mweupe ambao vivuli vyao vilitangulia mbele kutafuta maji. Mimi mwenyewe, na ukali wangu wote, nilijikuta nasugua miguu yangu kwa uchovu.

Batulo alisikiliza amefumba macho. Aliniambia siku moja kwamba hajui tena lipi lilitokea kweli na lipi Annah alilibuni, na hataki kujua. Mle daftarini Ilwad alikuwa bado anatembea. Hilo ndilo lililomleta kila Jumapili.

Mwezi wa nane Annah akafika mwisho wa riwaya. Alisoma polepole, kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Msichana mmoja anafika salama na kumlilia mwenzake siku tatu. Kisha wanawake wa mahali pale wanakata mgomba, wanauvisha shuka, wanauzika badala ya mwili wa Ilwad. Mimi sikushtuka. Kwetu Waluo mtu asipopatikana tunazika tunda refu la mti wa yago, kwao kina Annah, Wabukusu, ni mgomba. Ndivyo aliyepotea anavyopumzishwa.

Lakini Batulo si wa kwetu wala wa kwao. Alifumbua macho, akavaa viatu.

"Risasi zilimkosa," alimwambia Annah. "Wewe umempata kwa kalamu."

Akaenda zake. Kesho yake meza ya madera ilikuwa imehamia mwisho kabisa wa kichochoro.

Wiki tatu Annah hakuandika wala hakula vizuri. Nilimwambia azichane zile kurasa, ni karatasi tu, amrudishe Batulo. Akakataa. Nikapandwa na hasira, nikamfokea mbele ya wateja. Ndipo aliposimamisha cherehani akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulitamka miaka tisa yote. Alikuwa na mdogo wake, Ayuma. Wakati wa vita vya mashamba kule kwao mlimani, watu wenye bunduki walimchukua. Miaka miwili mama yao alilala na mlango wazi. Kisha wakazika mgomba, mama akafunga mlango, na tangu siku hiyo jina la Ayuma halikutajwa tena pale nyumbani. Annah alitaka tu Batulo naye apate usingizi.

Nina mdomo mimi, na siku hiyo niliushukuru. Nilimfuata Batulo kule mwisho wa kichochoro nikammwagia yote.

Alikuja tukifunga kazi. Hakusalimu. Alivuta kigoda mpaka magoti yake yakagusana na ya Annah, akamuuliza kama alimwona mdogo wake amekufa. Annah alisema hakumwona. Na mwili? Annah akatikisa kichwa.

Batulo akachukua daftari la Annah, akatafuta ukurasa wa mgomba. Nilidhani atauchana. Aliupita, akafungua ukurasa mtupu unaofuata, akauweka juu ya cherehani.

"Ilwad anaogopa giza," alisema. "Nimemwacha peke yake muda mrefu. Mwandike Ayuma atembee naye."

Annah alishika kalamu. Aliandika lile jina herufi moja moja, na alipolimaliza akalia kwa sauti pale sokoni, watu wakatugeukia. Niliwatazama kwa jicho baya mpaka wakapita. Batulo alimngoja anyamaze, ndipo akauliza kama huyo Ayuma ni mtu wa maneno mengi.

"Hanyamazi," Annah akasema.