Walimpa Mwanangu Tuzo, Kisha Wakamdunga Sindano

Mwanangu alidungwa sindano ya usingizi akiwa bado ameshika tuzo ya mfanyakazi bora.

Nilikuwepo. Nilikaa mstari wa mbele, nimevaa gauni jipya, viganja vinawasha kwa makofi niliyompigia.

Msiseme mama huyu anatunga. Shule yangu iliishia ya msingi, ufundi wa kutunga sina. Naandika kwa sababu wengi wenu mna watoto wanaofanya kazi sehemu za kutibu watu, na mnalala usingizi mnono mkijua wako salama.

Hata mimi nilikuwa nalala.

Binti yangu ni nesi. Alikuwa kwenye kituo cha afya ya akili cha jamii, hapa karibu na kwetu, wodi ya wanawake. Kazi yenyewe ngumu. Kuna siku anarudi na alama za meno mkononi, ukimuuliza anakwambia, "Ah, mama, alikuwa ananisalimia tu."

Ndivyo alivyo. Mdomo hauna breki, lakini roho safi.

Basi kituo kikapata mkurugenzi mpya, na mkurugenzi akaja na habari za kuwajali wafanyakazi. Akasema wanaohudumia wagonjwa wa akili nao huchoka, lazima wapumzishwe, lazima wapongezwe. Niliposikia nikamwombea dua. Nikasema huyu ana utu.

Wakapanga sherehe, wakaiita Siku ya Kujijali. Mazoezi, muziki, keki, tuzo. Ndugu tukaalikwa. Nikaenda na mdogo wangu, ambaye akisikia neno keki hangoji kadi.

Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na kapu limefungwa utepe. Kila mfanyakazi akiingia anatumbukiza humo simu yake na funguo zake za kazi. Msimamizi wa kapu alikuwa mshauri wa kituo, dada mmoja ambaye wenzake wanamwita Asali. Sauti yake ungeweza kuipaka kwenye mkate.

"Weka mzigo chini," anamwambia kila mmoja. "Leo kazi haipo."

Watu wanacheka, wanatumbukiza.

Binti yangu alikuja wa mwisho, anatoka wodini, aproni bado kiunoni. Nikaona anavutana na Asali.

"Dada, mimi nabaki na funguo. Kuna mgonjwa yuko chumba cha mwisho, ana joto kali. Nataka nikamwangalie tena."

Chumba cha mwisho ni kile wanachomfungia mgonjwa akichafukwa, mpaka atulie.

"Mlinzi yupo," Asali akasema.

"Mlinzi hana funguo. Na mlinzi si nesi."

"Unaona sasa? Hujui kuweka mzigo chini. Ndiyo maana tumeandaa siku hii." Akamtoa funguo mkononi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Ni muda mfupi tu, mpenzi."

Kapu likabebwa, likaingizwa kwenye buti la gari la mkurugenzi, likafungwa. Ukumbi mzima ukashangilia. Na mimi nikashangilia. Niliona ni jambo zuri.

Muda mfupi gani sasa? Hotuba ikazaa hotuba. Yakaja mazoezi ya kupumua. Tukaambiwa tufumbe macho, tuvute pumzi, tufikirie mto unaotiririka.

Mdogo wangu akaninong'oneza, "Mimi nafikiria keki."

Yakaja mashindano ya kugombania viti. Watu wazima wanaangukiana, wanacheka mpaka machozi. Jua lililokuwa dirisha la huku likahamia dirisha la kule.

Binti yangu hakucheza. Alimfuata mkurugenzi, akamwinamia sikioni. Mkurugenzi akamgonga begani: subiri. Akamfuata tena. Akatabasamiwa tena: subiri.

Ndipo likaitwa jina lake. Mfanyakazi bora wa mwaka.

Nilipiga ukelele mpaka mdogo wangu akaziba sikio.

Akapanda jukwaani. Akapewa kibao cha kioo chenye jina lake, akapewa maiki ashukuru.

"Ahsanteni. Naomba funguo."

Wakacheka. Wanamjua kwa utani.

"Sitanii. Kuna mtoto wa watu chumba cha mwisho. Alipewa dawa asubuhi, mwili unamchemka, midomo imemkauka, na funguo zote ziko kwenye gari. Sisi tuko huku tunafikiria mto. Nipeni funguo nikamtazame, nitarudi tucheze."

Wageni wenye tai wakatazamana. Wenzake wa wodini, waliomjua vizuri huyo mgonjwa, wakaangalia viatu vyao.

Mkurugenzi akapanda, meno yote nje. Akachukua maiki.

"Ndugu wageni, mnajionea wenyewe. Hivi ndivyo uchovu unavyomla mfanyakazi bora. Hata siku yake mwenyewe anashindwa kupumzika."

Jamani, wakampigia makofi! Makofi ya huruma, yale ya taratibu.

Hapo mwanangu akapandisha sauti. "Mnampigia nani makofi? Leteni funguo!" Akashuka jukwaani mbio kuelekea mlangoni.

Hakufika.

Mkumbuke wale wote ni watu wa kituo cha akili. Wana mafunzo. Mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto, mmoja nyuma analinda kichwa kisigonge sakafu, na Asali mbele anaongea polepole. Hawakuambiana neno. Walimkunja kama watu wawili wanavyokunja shuka walilolizoea.

"Tuko na wewe. Uko salama. Vuta pumzi."

"Niacheni, wapuuzi nyie! Mimi si mgonjwa!"

Ole wake. Kila anayefanya kazi pale anajua ni nani husema hivyo.

Sindano sijui ilitokea wapi. Inaonekana hiyo haikuwekwa kwenye kapu.

Nilikuwa napigana na wanaume wawili walionizuia. Niliona magoti yake yanalegea. Kibao cha kioo kikamtoka mkononi. Mtu mmoja akakiokota, akakifuta, akakiweka mezani karibu na keki.

Mimi nikaingizwa ofisini kwa Asali. Nikapewa kiti, nikasogezewa karatasi laini za kufutia machozi.

"Mama, nyumbani huwa analala?"

"Analala vizuri. Akitoka zamu ya usiku analala mchana kutwa."

"Kwa hiyo usiku halali."

"Si yuko kazini!"

"Huwa anaongea peke yake?"

"Anaimba akifua nguo."

Akaandika.

"Katika ukoo wenu kuna mtu mwenye hasira za ghafla?"

"Mimi! Sasa hivi!"

Akaandika na hiyo.

Nikajishusha. Nikamwambia, "Dada yangu, tuyaache ya mwanangu. Nendeni mkamfungulie huyo binti anayemsema. Mkimkuta mzima, mtarudi kunicheka."

Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Mama, mgonjwa akikwambia kuna nyoka chini ya kitanda, huinami kuangalia. Ukiinama, umemhakikishia kwamba nyoka yupo. Tukienda kufungua ule mlango sasa, tunaulisha ugonjwa wa mwanao. Unataka apone au hutaki?"

Mtu kasoma, kakaa vizuri, anaongea kwa upole.

"Nataka apone," nikasema.

Huko ukumbini muziki ulikuwa umewashwa tena.

Mwanangu wakamlaza wodi ile ile aliyokuwa akiihudumia. Wakamvalisha gauni lile lile alilokuwa akiwavalisha wengine. Siku niliporuhusiwa kumwona, hata salamu hakunipa.

"Walimfungulia?"

"Wanasema alishahamishiwa hospitali kubwa kabla ya sherehe. Yuko sawa."

"Nani kasema?"

"Mkurugenzi."

Uso ukanikunjamana, machozi yakaanza kunitoka. Akanibana mkono chini ya shuka.

"Mama, usilie. Ukilia wanaandika. Wala usicheke sana. Tabasamu kidogo tu, kama unapigwa picha ya kitambulisho."

Nikatabasamu hivyo hivyo, pua inanichuruzika.

"Kila nikisema nilichokiona, wananiongezea dawa," akasema. Ulimi ulikuwa mzito, kila neno linatoka kama limebeba gunia. Yule mtoto wangu wa maneno! "Mama, nitoe humu. Mimi nitasahau kuongea."

Nikaenda kwa mkurugenzi. Sikugomba. Nilikunja mikono kama mwanafunzi.

"Mama, sisi hatujamfunga mtu," akasema. "Akikubali kwamba aliumwa, huo ndio mwanzo wa kupona. Aje kwenye kikao cha wafanyakazi, aseme kwa hiari yake. Siku hiyo hiyo anakwenda nyumbani, na kazi yake itamsubiri."

"Aseme nini hasa?"

"Kwamba yale ya chumba cha mwisho yalikuwa ya kichwani mwake."

Nikarudi wodini nikamwambia. Sema tu, mwanangu. Sema utoke.

Akaniuliza, "Na yule binti?"

"Si wamesema alihamishwa? Ana mama yake, atamwangalia. Wewe una mimi, na mimi nataka utoke."

Akasema.

Walimweka katikati, wenzake wamemzunguka. Akasema aliumwa. Akasema chumba cha mwisho hapakuwa na mtu, alijitungia kwa uchovu. Akawashukuru waliomshika. Kuna waliolia, kuna waliomkumbatia. Mkurugenzi alirekodi yote kwa simu, akasema itawasaidia wafanyakazi wengine wanaoficha uchovu wao.

Jioni ile mwanangu alikula nyumbani. Alilala kitandani kwake. Nilisimama mlangoni kwake nikisikiliza anavyopumua, nikajiambia, umeshinda, mama. Umemtoa.

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Furaha yenyewe haikukaa. Asubuhi mlango ukagongwa.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, viatu vimejaa vumbi, mkoba ameukumbatia.

"Samahani, mama. Hapa ndipo kwa nesi wa wodi ya wanawake? Mwanangu alikuwa pale. Chumba cha mwisho."

Nikafungua mlango wote.

"Karibu. Anaendeleaje?"

"Nimeshamzika."

Aliambiwa mtoto alifia njiani, akipelekwa hospitali kubwa. Moyo ulisimama ghafla, wakasema. Siku hiyo hiyo ya sherehe.

"Nikakubali," akasema. "Kila mtu ana moyo. Lakini nilipokwenda kumwona, nikamshika mkono. Kucha zote zimevunjika, mama. Zote. Moyo ukisimama huvunja kucha?"

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Amesikia.

Akamweleza yote palepale, hakudondosha chozi. Joto la asubuhi, kapu, gari, maiki, sindano. Yule mama alikuwa ameshika fremu ya mlango kama nyumba inayumba.

"Utasema haya mbele ya watu?"

"Twende hata sasa hivi."

Nilimshika mwanangu nguo. Nikamwambia usiende, wale watakurudisha ndani. Akanibandua vidole kimoja kimoja, akaenda.

Walirudi mapema kuliko nilivyotegemea.

Mkurugenzi hakubishana nao. Aliwakaribisha viti, akawapa maji ya kunywa, akawasha simu yake. Yumo mwanangu, katikati ya wenzake, anasema kwa kinywa chake kwamba chumba cha mwisho hapakuwa na mtu.

Kisha akamgeukia mwanangu kwa sauti ya chini. "Imekurudia tena, eh? Tukuandalie kitanda?"

Mwanangu alitembea kinyumenyume mpaka getini. Tangu siku hiyo ukimshika bega bila kumwambia, anapiga yowe.

Yeye na yule mama wakaenda hadi polisi pia. Polisi wakaonyeshwa video ile ile. Wakauliza, mama, shahidi wako ni huyu aliyekuwa amelazwa?

Siku ya mwisho yule mama alikuja peke yake kuniaga. Hakutaka kukaa.

"Nani alimwambia aseme vile?"

"Mimi."

Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Aliutengeneza tu mkoba wake begani.

"Ningekuwa wewe ningemwambia hivyo hivyo," akasema. "Wako alikuwa hai."

Akaondoka.

Wazazi wenzangu, mimi sina elimu ya kuwapa. Ila mwanao akipiga kelele kwamba kuna mtu anaumia mahali, usipoteze muda kuwathibitishia watu kwamba mwanao ana akili timamu. Nenda kamtazame huyo anayeumia. Na mtu mpole akikuahidi kumwachia mwanao ili mradi akane alichokiona, jua kuna mtoto wa mwenzio anayezikwa na maneno hayo.

Ile video bado inazunguka. Wanaionyesha vituo vingine kuwafundisha wafanyakazi kujijali. Ikifika kwenye simu yako, ukamwona nesi anawashukuru wenzake kwa kumshika, usiipeleke kwa mtu mwingine.

Huyo ni mwanangu. Alikuwa mzima tangu mwanzo. Sasa hivi ndiyo anaumwa.