Mashada ya Mama

Mama yangu alipokubali kutoka Waithaka kuja mjini kunitazama nikiigiza, nilimfundisha kwanza maneno ya Kiingereza ya watu wa maigizo. Nilimwambia wazi kwamba sitaki aibu. Waigizaji wote kwa pamoja ni "cast". Vitu tunavyoshika jukwaani ni "props". Na wale wasioonekana, wa taa na wa mavazi, ndio "crew". Aliyaandika yote nyuma ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa, kisha akauliza, "Na hao crew wanapigiwa makofi saa ngapi?"

"Hawapigiwi, Mama. Hiyo ni kazi yao tu," nilimjibu kwa ukali, nikaendelea na chai yangu.

Jumapili hiyo mchezo ulipoisha, tulijipanga mbele kuwashukuru watazamaji. Hapo nikamwona Mama akipanda jukwaani na mashada yanayometameta, yale tunayowavisha watoto wetu wakihitimu chuo. Na nilikuwa nimemkanya! Nilikunja uso, lakini nikainamisha shingo ili anivishe haraka ashuke.

Alinipita. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka amewashika mkono fundi wa taa na mwanamke anayetushonea mavazi, akawavisha wote wawili huku akipiga vigelegele. Ukumbi mzima ulisimama. Fundi wa taa hakujua mikono aiweke wapi.

Shingo yangu ilikuwa bado imeinama. "Na mimi je?" nikamnong'oneza.

"Wewe si umeshapigiwa makofi?"