Fremu Iliyopakwa Mafuta

Mtaa mzima ulimwita Fundi Milango, na si kwa utani. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilifungwa kwa milango yake, milango mizito isiyolia wala kukwama mvua zikija. Alikuwa na ada yake moja: hakuna kitu cha mbao kilichotoka mikononi mwake bila kusuguliwa mafuta mpaka king'ae. Hata kigoda cha jikoni. Hata mpini wa fagio, jambo ambalo mkewe alilicheka kwa miaka.

Kisha akapata kiharusi, mkono wa kulia ukaisha nguvu, na fundi akahamia kwenye kiti cha barazani. Hakulalamika. Afadhali angelalamika. Ukimuuliza atafanya nini kesho alijibu, "Tutaona," kwa sauti ya mtu asiyetazamia kuona chochote.

Mkewe waliyemwita Mama Fulana, kwa kuwa alichapa maandishi kwenye fulana katika chumba cha uani, hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu akitazama. Fremu yake ya kuchapia, ile ya mbao iliyowambwa kitambaa cha kupenyeza rangi, ilipolegea pembe, badala ya kutafuta nyingine aliipeleka barazani, akamwekea mumewe mapajani, akaanza kulalamika kwamba mafundi wa siku hizi wanamzungusha. Uongo mtupu, hakuwa amemwendea fundi yeyote. Mzee aliigeuzageuza ile fremu, akaguna, akasema hii ya kutupa, atamtengenezea mpya. Akauliza msumeno wake uko wapi. Mama Fulana alikwenda kuuleta mbio.

Kazi ilichukua siku kadhaa. Mkono wa kushoto ulikuwa mgeni wa msumeno, ukikosea mstari na kutukanwa chinichini. Lakini pembe zilikutana barabara. Kitambaa chepesi cha nailoni kikavutwa kutoka katikati ya kila upande kwenda kwenye pembe, kikapigwa pini, kikakazika hata ukikigonga kwa ukucha kinalia. Na kwa kuwa tabia ni ngumu kuacha, mzee akaisugua fremu mafuta. Mara mbili. Kitambaa nacho kikapata mgao wake kutoka vidoleni mwake.

Mama Fulana alikipaka kitambaa dawa ya kunasa maandishi, ikakauka, akailazia fremu karatasi yenye herufi na kuianika juani, kisha akaiosha ili herufi zifunguke. Dawa ikabanduka vipande vipande kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Akafua kitambaa kwa sabuni, akarudia. Ikabanduka tena. Ndipo alipoinusa ile fremu akajua.

Sasa angemwambiaje? Mtu ameshika msumeno juzi tu, umwambie kazi yake haifai? Alimwona kabisa akirudi kwenye kile kiti na safari hii asiinuke. Na shule ya jirani ilikuwa ikingoja fulana zake za michezo. Basi akampigia binti yao, binti akaleta fremu ya alumini kutoka dukani, na Mama Fulana akachapa nayo huku amejifungia. Mumewe akiuliza ile yake inaendeleaje, alijibu inachapa vizuri mno. Kipaji cha uongo mwanamke yule hakujaliwa. Akidanganya, sauti humpanda.

Mzee akajikongoja mpaka uani. Fremu yake aliikuta imefichwa nyuma ya pipa la maji, na ile ya alumini ipo mezani ina rangi mbichi. Mama Fulana alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Yangu ina kosa gani?" mzee aliuliza.

Angeweza kudanganya tena. Lakini huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumficha mteja ufa, na Mama Fulana aliona aibu.

"Mafuta, baba watoto. Dawa haishiki penye mafuta. Pembe zako zimenyooka kuliko za hii ya dukani, ila kitambaa kimeingia mafuta."

Mzee alipitisha kidole juu ya mbao. "Nisipoipaka itakunywa maji. Itapinda."

"Ikipinda utanitengenezea nyingine."

Yalimtoka tu, bila kufikiri.  Mzee akaagiza randa, akang'oa kitambaa, akamwambia mkewe ashike fremu upande wa pili, na ashike kweli, asiishike kama anapokea mtoto mchanga. Mchana wote Mama Fulana alikaripiwa, na katika ndoa yao hajapata kufurahia makaripio namna ile. Kitambaa kipya kilivutwa kwa mikono mitatu, yake miwili na ule wa kushoto wa mumewe.

Fulana ya kwanza ilitoka na herufi zimekaa sawasawa. Mama Fulana akainyanyua amwonyeshe. Mzee hata hakuitazama. Alikuwa ameinamia ile fremu, mbao kavu isiyong'aa popote, uso ameukunja kama baba anayemwona bintiye anakwenda harusini pekupeku.

"Mpigie mwanao aje achukue bati lake," alisema. "Na kesho uniletee mbao, tena usilete moja. Hii itapinda tu."