Kuhesabu Meno ya Fundi Cherehani

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha meno cha hospitali, Mbarara, Uganda, nilipewa ndoo, sabuni na amri moja. Mkuu wa kitengo alinionyesha chati, ule mchoro wa mataya mawili wenye meno thelathini na mawili, akasema, "Binti, hapa tunahesabu kwanza. Majina baadaye."

Nilikuwa nimeachia shule darasa la nne. Wazazi wetu walifia Kivu Kusini, nami, kifungua mimba, niliwavusha wadogo zangu watatu hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Walibaki Rubondo, humo kambini, kwa shangazi. Mimi nilipanga chumba mjini, mtaa wa Nyamityobora. Nilianza kwa kuchemsha vifaa, kisha nikawa najaza chati daktari akinisomea, na Wakongo wakija natafsiri.

Ninyi mnaosomea meno, kazi yenu haitaishia kwenye kung'oa na kuziba. Sheria itawaita mkadirie umri wa mtu, mtazame alama ya kuumwa, mumtambue maiti. Nitawaeleza siku moja tu.

Polisi walileta mwili uliotolewa ziwani Nakivale, uso umeharibika. Mama mmoja wa Rubondo alikuwa akimtafuta mumewe, fundi cherehani, wiki ya tatu. Asipotambuliwa angezikwa bila jina, na mama yule angebaki si mke, si mjane. Polisi walikuwa na jambo moja tu alilowaeleza: mumewe alichokolewa chonge mbili za chini akiwa mchanga. Ilikuwa desturi. Mtoto akiharisha na ufizi ukivimba, husemwa ana meno mabaya, ebinyo kwa wenyeji wa Mbarara, na mganga huyachokoa kwa spoku ya baiskeli.

Daktari wa zamu, kijana aliyetoka mbali, alimulika kinywa. "Hakuna pengo. Si yeye. Andika."

Sikuandika. Niliomba tuhesabu.

"Umesomea wapi, Mama?"

"Darasa la nne, Daktari. Mpaka nane tulishafika."

Alicheka, akahesabu taya la chini kutoka katikati kwenda nyuma. Saba badala ya nane. Upande wa pili, saba. Baada ya meno mawili ya mbele, pale pa jino la tatu, chonge, lilifuata gego dogo. Chonge ikiharibiwa kabla ya kuota, jirani zake waweza kusogea na kuziba nafasi. Nililijua hilo kwa kinywa cha mdogo wangu wa mwisho. Alipochokolewa, mimi ndiye niliyemshika kichwa.

"Haitoshi," daktari alisema. "Wengi kule wamechokolewa. Muulize mke anakumbuka nini zaidi. Usimwongoze."

Tulikuwa tumeona pia mkato mdogo kwenye jino moja la mbele, juu.

Nje, mama yule alinishika mkono. "Yaya," aliniita, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu Kongo, "uniambie tu mulichoona. Ni yeye?"

Neno moja juu ya mkato ule lingetosha, naye angelikubali lolote. Nilirudia swali vilevile, polisi akiandika: unakumbuka nini zaidi kuhusu meno yake?

Aliuachia mkono wangu. "Alikuwa anakata uzi na meno. Nilimununulia makasi, akaifungia mu sanduku. Ile jino ya mbele, ya juu, ilifanya kamufereji. Nilikuwa namucheka, namuambia ni mulango ya panya."

Daktari alitia sahihi. Mimi sikutia, msaidizi hatoi ushahidi wa kitaalamu. Fundi alizikwa Rubondo kwa jina lake, kanisa lake likiimba.

Baada ya mazishi mjane alinijia. "Yaya, siku ile ulininyima neno moja."

"Ningekupa, lingekuwa langu. Wangelikataa."

"Basi ulifanya muzuri. Lakini nilikuchukia mpaka jioni."

Nilistaafu mwaka 2015. Sina cheti cha kuwaonyesha. Mwaka uleule mtoto wa yule mdogo wangu aliharisha, ufizi ukavimba, na majirani wakataja mganga. Mdogo wangu aliniuliza mimi. Tukambeba mtoto hadi zahanati, akapewa maji ya chumvi na sukari, akapona.

Sasa ni msichana mkubwa. Juzi alinitembelea, nikamwambia afungue kinywa. Nilianza katikati, taya la chini. Moja, mbili, tatu. La tatu lilikuwapo, pande zote mbili.